Baraza la Kijiji na Chama: Muhuri Mmoja kwa Watu Wote

Kijana wa Uganda anapotaka kuingia jeshini au katika polisi, huulizwa kwanza karatasi. Kabla ya kupimwa urefu, kabla ya kukimbia mbio na kabla ya daktari kumtazama kifua, hutakiwa aonyeshe barua ya Mwenyekiti wa Baraza la Kijiji, yaani LC1, iliyopigwa muhuri na kisha kuthibitishwa ngazi kwa ngazi hadi wilayani. Asiyekuwa nayo hurudishwa nyumbani. Yaweza kusemwa basi, bila ya kutia chumvi, kwamba utumishi wa askari wa siku hizi ulianzia barazani pa mwenyekiti wa kijiji chake.

Baada ya hapo wengi husahau. Askari huenda mafunzoni, hupewa namba, huhamishwa kutoka kambi hii hadi ile, na mambo ya kijiji huyaona kuwa ni mambo ya raia. Lakini mkewe na watoto wake hawawezi kusahau. Mtoto akiombewa msaada wa karo, barua ya mwenyekiti yatakiwa. Ndugu akishikwa na kuhitaji mdhamini mahakamani, mdhamini huulizwa barua ya mwenyekiti. Kiwanja kikinunuliwa, mwenyekiti huwa shahidi. Basi ni haki ya kila nyumba ya askari kujua baraza hili lilitoka wapi, ni la nani, na chama cha siasa kina nafasi gani ndani yake.

MASAZA YA ZAMANI

Utawala wa ngazi si jambo geni. Mkataba wa mwaka 1900 baina ya Waingereza na Buganda uliitambua Buganda kuwa na masaza 20, kila moja chini ya mkuu wake aliyelipwa pauni 200 kwa mwaka. Chini ya saza palikuwa na gombolola, na chini ya gombolola palikuwa na muluka. Mpango huo Waingereza waliueneza katika sehemu nyingine za nchi, na hata leo Mwacholi au Mteso hulielewa neno gombolola. Lakini wakuu hao hawakuchaguliwa na wananchi. Walitazama juu kwa aliyewateua, na raia aliwajua zaidi siku ya kodi.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1962 ilionekana wazi jinsi mambo ya saza yanavyoweza kutikisa vyama na Serikali nzima. Masaza mawili, Buyaga na Bugangaizi, yalikuwa ya Bunyoro kabla ya kutiwa Buganda na Waingereza, na wenyeji wao walidai kurudi kwao. Serikali ya wakati ule iliongozwa kwa ushirikiano wa chama cha UPC na chama cha Kabaka Yekka. Shauri la kura ya masaza hayo lilipokaribia, ushirikiano huo ulivunjika mwezi wa Agosti 1964.

Hapo ndipo askari walipoingizwa katika jambo la saza. Serikali ya Buganda iliwapeleka wanajeshi wastaafu waliopigana Vita Kuu ya Pili wakakae Ndaiga, katika Buyaga, ili idadi ya wapiga kura wa upande wake iongezeke. Haikufaa kitu. Iliamuliwa kwamba wapige kura wale tu walioandikishwa katika daftari la mwaka 1962. Tarehe 4 Novemba 1964 kura zilipigwa, na wenyeji wa masaza yote mawili wakachagua kurudi Bunyoro. Wale waliokuwa wamepelekwa huko kama mtaji wa kura walibaki katika nchi ngeni, miongoni mwa majirani wasiowataka. Askari mstaafu hakupata faida, ila alipata uadui.

KUTOKA NYUMBA KUMI HADI KAMATI ZA MSITUNI

Mwaka 1971 jeshi lilipotwaa Serikali, shughuli za vyama zilipigwa marufuku, na kwa muda wa miaka minane utawala wa mikoa na wa masaza uliwekwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wanajeshi. Raia aliyekuwa na lalamiko juu ya mtawala wake hakuwa na pa kulipeleka, kwani aliyelalamikiwa na mwenye bunduki walikuwa mtu mmoja. Jina la askari liliharibika katika miaka ile, na ilichukua muda mrefu kulisafisha.

Baada ya mwaka 1979 uliletwa mpango wa nyumba kumi, ambao wenyeji wa Kampala waliuita mayumba kumi. Asili yake ilikuwa Tanzania, ambako TANU ilikuwa imeweka mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960. Nchini Uganda mpango huo ulikusudiwa kulinda usalama na kugawa bidhaa adimu kama vile sukari, chumvi na sabuni. Baadaye, katika miaka ya 1980, ugawaji wa bidhaa uliingia mikononi mwa wakubwa wa chama kilichotawala. Akina mama waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka kwamba sabuni ilikuwa na chama. Aliyehesabiwa kuwa wa upande mwingine alifua kwa majani ya mpapai.

Wakati huohuo, katika vita vya msituni vilivyoanza mwaka 1981 upande wa Luwero, wapiganaji wa NRA waliunda kamati za siri vijijini. Kamati hizo zilikusanya chakula, zilipeleka habari na zilisuluhisha magomvi. Baada ya Kampala kutwaliwa tarehe 26 Januari 1986, mpango huo ulienezwa nchi nzima kwa jina la Mabaraza ya Upinzani, yaani RC, nao ukapewa sheria mwaka 1987. Palikuwa na ngazi tano: kijiji, muluka, gombolola, saza na wilaya. Kila mkazi mtu mzima alikuwa mjumbe wa baraza la kijiji chake, na wote walichagua kamati ya watu tisa. Kiti kimoja kilikuwa cha katibu wa wanawake.

Jambo lililokuwa jipya ni hili: mkuu wa muluka na mkuu wa gombolola, waliokuwa wakiogopwa tangu enzi za ukoloni, sasa waliweza kuitwa mkutanoni na kuulizwa hesabu na mkulima asiye na viatu. Katiba ya mwaka 1995 ililibadili jina la mabaraza hayo yakawa Mabaraza ya Mitaa, LC, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ikaeleza kazi zake. Tangu hapo kamati ya kijiji ni ya watu kumi. Gombolola na wilaya ni serikali kamili zenye bajeti. Kijiji, muluka na saza ni ngazi za utawala. Kwa hiyo saza la leo, lililokuwa na fahari kubwa mwaka 1900, limebaki zaidi kuwa mahali pa kuunganisha magombolola, na ni katika mipaka yake ambamo majimbo mengi ya ubunge hukatwa.

MLANGO WA VYAMA WAFUNGULIWA

Kwa miaka 19 vyama vilikuwapo kwa majina, lakini havikuruhusiwa kusimamisha wagombea. Tarehe 28 Julai 2005 wananchi walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga walikubali vyama vifunguliwe. Uchaguzi mkuu wa vyama vingi ulifanyika Februari 2006, wa kwanza tangu ule wa mwaka 1980.

Ndipo likazuka swali ambalo wengi hawakulitazamia. Je, baraza la kijiji, lililoundwa wakati ambapo vyama vilifungwa, laweza kuchaguliwa vilevile wakati vyama viko wazi? Aliyelipeleka swali hilo mahakamani alikuwa mwanajeshi mstaafu, Meja Rubaramira Ruranga. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba uchaguzi wa vijiji na miluka uliotayarishwa kwa utaratibu wa zamani haukupatana na Katiba ya vyama vingi. Uchaguzi ukasimama.

Ulisimama kwa muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa. Wenyeviti waliochaguliwa mwaka 2001 waliendelea kushika mihuri mwaka baada ya mwaka. Wengine walizeeka, wengine walihama, wengine walifariki na muhuri ukabaki ndani ya nyumba kana kwamba ni urithi. Mtoto aliyezaliwa siku ya uchaguzi ule alikaribia umri wa miaka 17 kabla ya kuona mwingine. Hatimaye, baada ya sheria kubadilishwa mwaka 2015, uchaguzi ulifanyika tarehe 10 Julai 2018 katika vijiji zaidi ya 60,000. Waliochaguliwa walipewa miaka mitano. Muda huo ulipokwisha Julai 2023 uliongezwa na waziri mhusika, na ukaongezwa tena. Udongo uwahi ungali maji: baraza lisilochaguliwa kwa wakati wake huwa gumu kufinyangwa.

MLOLONGO NA MACHO YA JIRANI

Siku ile ya mwaka 2018 watu hawakutumia karatasi wala sanduku. Walijipanga nyuma ya mgombea waliyemtaka, nao walihesabiwa kwa vichwa. Mwenyekiti aliyeshinda alitaja majina ya wanakamati wake, na wananchi waliokusanyika wakayakubali au kuyakataa.

Mlolongo una wema wake. Ni rahisi, hauhitaji fedha nyingi, na ni vigumu kuiba kura iliyosimama kwa miguu miwili mbele ya watu. Lakini una uzito wake pia. Kila mtu huonekana alikosimama. Mke aonekana na mume, mpangaji aonekana na mwenye nyumba, mdaiwa aonekana na mwenye duka. Kesho yake ni yule mgombea uliyemwachia mgongo ndiye mwenye muhuri, na wewe wahitaji barua ya mtoto.

Katika jambo hili vyama vyaweza kujenga au kubomoa. Mgombea wa chama huleta shabaha, na wananchi hupata wa kumwuliza. Si kosa kwa mwenyekiti kuwa na chama. Kosa huanza pale mwenyekiti anapomwuliza mwombaji wa barua rangi ya fulana yake kabla ya kuuliza jina lake. Sheria humfanya kuwa mwenyekiti wa wakazi wote wa kijiji, waliojipanga nyuma yake na waliojipanga nyuma ya mwenzake. Kunyimwa muhuri kwa sababu ya chama kunafanana na sabuni ile ya miaka ya 1980.

WENYEVITI WAWILI WASICHANGANYWE

Aghalabu kijijini huwapo wenyeviti zaidi ya mmoja, na hapa wengi huchanganyikiwa. Chama cha NRM, kwa mfano, kina kamati yake ya watu 30 katika kijiji, yenye mwenyekiti wake. Vyama vingine, kama DP kilichozaliwa mwaka 1954, UPC cha mwaka 1960, FDC cha mwaka 2004 na NUP, navyo vina viongozi wao wa matawi mahali vilipo na wafuasi. Hao wote ni viongozi wa wanachama wao. Wana haki ya kuitisha mikutano ya chama, kuchagua wagombea na kukusanya ada ya chama. Hawana haki ya kuhukumu kesi, kumtambulisha mkazi kwa Serikali, wala kumwita mtu asiye mwanachama wao ajieleze.

Mwenye kazi hizo ni Mwenyekiti wa LC1 na kamati yake. Kwa Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006, kamati hiyo yaweza kukaa kama mahakama ya kijiji na kusikiliza madai ya deni, ya mkataba, ya kupigana na ya kuharibu mali, thamani isipozidi shilingi milioni 2, pamoja na mashauri kadhaa ya mila. Wanaokaa kusikiliza wasipungue watano, na miongoni mwao wawepo wanawake wawili. Asiyeridhika hukata rufani kwenye muluka, kisha kwenye gombolola, kisha kwa hakimu. Bali mauaji, unyang'anyi na kunajisi watoto si mashauri ya kijiji. Hayo ni ya polisi na ya mahakama za juu, na mzee yeyote anayetaka kuyamaliza kwa mbuzi mmoja na faini, hata awe wa chama gani, anamdhulumu mtoto na anavunja sheria.

FEDHA ZA KIJIJI

Baraza haliendi kwa maneno matupu. Kwa mujibu wa sheria, gombolola la shamba hubaki na asilimia 65 ya mapato linayokusanya, na katika sehemu hiyo asilimia 25 hurudi vijijini, asilimia 5 kwenye miluka na asilimia 5 kwenye saza. Zamani fedha hizo zilitoka hasa katika kodi ya kichwa. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2005. Wanaume walifurahi, kwa maana hawakufukuzwa tena alfajiri na wakusanya kodi, lakini mifuko ya mabaraza ilikauka.

Mwaka 2008 iliwekwa kodi ya huduma za mitaa kwa wenye mishahara na wafanya biashara. Sheria hiyo iliwaondolea kodi hiyo askari jeshi, polisi na askari magereza. Ni heshima waliyopewa kwa ajili ya kazi yao ya hatari. Hata hivyo watoto wao hupita katika njia ileile na mabibi zao huteka maji katika kisima kilekile. Kwa hiyo familia ya askari inapotoka na jembe siku ya kusafisha kisima, hulipa kwa jasho kile ambacho sheria imeisamehe kulipa kwa fedha, na majirani huona.

Tangu Februari 2022, mpango wa maendeleo ya muluka ulipozinduliwa Kibuku, muluka umepata uzito mpya. Kila muluka ulipangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na nyumba maskini huweza kukopa hadi shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Fedha hizi ni za Serikali, nazo si zawadi ya mgombea wala ya chama. Anayeambiwa kwamba atapata mkopo kwa kadi ya chama amedanganywa, na aulize mbele ya mkutano ili wengine wasikie.

ASKARI NA NYUMBA YAKE

Katiba, katika kifungu cha 208, yaagiza kwamba jeshi lisiwe la chama chochote, liwe la taifa zima na litii utawala wa raia. Kifungu cha 212 chawaagiza polisi washirikiane na watawala wa kiraia na wananchi kwa jumla. Askari ana haki ya kupiga kura kama raia mwingine, lakini akiwa bado katika utumishi hawezi kugombea kiti cha siasa kabla ya kuacha kazi. Tena kumsimamia mgombea akiwa na sare, au kuwatisha watu mlolongoni, ni kuirudisha nchi kule ilikotoka.

Lakini kifungo hicho ni cha askari mwenyewe. Mkewe ni raia. Hakuna sheria inayomkataza kuhudhuria mkutano wa kijiji, kuchagua, kuingia katika baraza la wanawake, au kuwa mwenyekiti. Mwanamke aliyelea watoto peke yake huku mumewe akiwa Somalia, ambako majeshi ya Uganda yaliingia mwezi wa Machi 2007, amezoea kupanga, kugawa na kusuluhisha. Hizo ndizo kazi za kamati.

Kikwazo chao kikubwa ni uhamisho. Jamaa nyingi hupanga vyumba karibu na kambi, hukaa miaka miwili au mitatu, kisha huondoka. Wenyeji huwaita wageni, nao wenyewe hujiona wageni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama anayehamia mahali afanye mambo manne bila ya kungoja shida imfike. Kwanza, katika juma la kwanza aende kwa mwenyekiti na watoto wake, aandikishwe katika daftari la wakazi, na amjue pia katibu wa usalama. Pili, ahudhurie mikutano, hata kama hasemi. Tatu, akiombwa ada ya barua aulize ada hiyo iliamuliwa na mkutano gani, na adai stakabadhi. Nne, akinyimwa barua kwa sababu ya chama, ya kabila au ya kazi ya mumewe, asimpigie mume simu aje na bunduki. Apande ngazi: muluka, gombolola, na hatimaye ofisi ya wilaya.

Mume naye anapokuja likizoni, asipite mbele ya nyumba ya mwenyekiti kama mtu asiyemjua. Amsalimu, amweleze kwamba nyumba yake i chini ya ulinzi wa kijiji wakati yeye akilinda nchi. Wenyeviti hawa kwa miaka mingi wamepewa na Serikali shilingi 10,000 tu kwa mwezi, nao huamshwa usiku kwa kila ugomvi na kila mgonjwa. Heshima ni sehemu ya mshahara wao.

Uchaguzi wa vijiji unapotangazwa, kila chama kitaleta nyimbo zake na fulana zake, na hilo ni jambo la halali. Wananchi wajipange nyuma ya wampendaye, wahesabiwe, kisha watawanyike kwa amani. Baada ya siku ile mlolongo umekwisha. Kinachobaki ni kisima, njia, shule, na mtoto wa askari aliyesimama mlangoni akishika karatasi isiyopigwa muhuri. Mwenyekiti aipige.